Barua kwa Baba kuhusu saa za safari ya Mama

Montréal, mwezi wa sita

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na wote wa nyumbani hapo Katuba, Lubumbashi. Swali lako nimelielewa: ukihesabu kutoka saa ya kuondoka hadi saa ya kufika, tiketi ya Mama inaonyesha saa 22 na dakika 45 za kuja huku, lakini saa 41 na dakika 20 za kurudi, nawe unauliza kama aliyetuuzia hakutudanganya.

Hakutudanganya. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji ambamo ndege inaondoka au inatua. Jambo hili unalijua tayari kwa Kinshasa, kwa kuwa kwetu ikiwa saa 12:00, kwao bado ni saa 11:00. Montréal, katika majira haya ya joto, iko nyuma yenu kwa saa 6. Wakati wa baridi huwa 7. Basi safari ya kuja uiongezee saa 6, utapata saa 28 na dakika 45. Ile ya kurudi uipunguzie 6, zitabaki 35 na dakika 20.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano mpaka hapa ni karibu kilomita 11,800, yaani safari ya Kinshasa mara saba na nusu. Lakini hakuna ndege inayoufuata mstari huo. Mama ataelekea kwanza kaskazini-mashariki hadi Addis Ababa, kilomita 2,600 hivi, kisha Brussels, 5,600, ndipo avuke bahari ya Atlantiki, 5,550. Karibu kilomita 2,000 za ziada, ambazo mimi nazihesabu kama kodi ya kutokea Lubumbashi.

Juu ya bahari hiyo upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ndege inayokuja huku hushindana nao kwa saa 7 na dakika 45, ilhali ile inayorudi husukumwa nao ikafika kwa saa 6 na nusu. Kinachoirefusha safari ya kurudi ni kungoja: Brussels peke yake Mama atakaa saa 13 na nusu, hata nusu kamili ya safari hiyo itapita akiwa kwenye viti vya viwanja vya ndege. Nilitafuta tiketi yenye mangojeo mafupi, bei yake ikanishinda. Naomba anisamehe.

Mwambie asiibadilishe saa yake ya mkononi. Atatua Jumanne saa 12:45 ya huku, nayo ya mkononi mwake itasoma 18:45, sawa na ile ya ukutani kwako. Usianze kuhangaika kabla ya saa 21:00 ya huko, Baba, kwa maana foleni ya uhamiaji ni ndefu, na masanduku nayo huchelewa. Tukitoka tu nje, nitampa simu aongee nawe.

Mwanao