Gubiti haijachokwa na watoto, imekosa wa kuivuta

Ndugu Mhariri,

Mlangoni mwa shule, Unguja hata Mombasa, mtoto atapata pipi ya kiwandani ya kila rangi. Gubiti, ile pipi nyeupe ya kuvutwa kwa mkono, imekuwa adimu. Husemwa kwamba watoto wameichoka. Hatukubali. Iliyopungua ni mikono inayojua kuivuta, na anayejaribu nyumbani hukata tamaa akishaharibu sukari mara mbili tatu, kwa sababu maelekezo anayopewa ni “chemsha mpaka iwe nzito, kisha vuta”, basi. Tunaomba nafasi tuyaeleze yanayorukwa.

Kilo moja ya sukari huenda na maji nusu lita na maji ya ndimu vijiko viwili vya chai. Chukua sufuria nzito. Koroga kwa moto mdogo mpaka sukari yote iyeyuke. Shira ikianza kuchemka, mwiko utoke na usirudi tena. Shira inayokorogwa ikichemka hushika chenga. Hata punje chache zilizoganda ukingoni zikidondokea ndani zinatosha kuiharibu yote, kwa hiyo funika sufuria dakika mbili tatu, mvuke uoshe ukingo, kisha funua.

Ndimu haitiwi kwa ajili ya ladha. Uchachu wake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo ndizo zinazozuia chenga. Ukizidisha, gubiti haikauki: inanata menoni, na kesho yake inatoa maji.

Kuiva kwake hujulikana kwa tone. Lidondoshe katika bakuli la maji baridi. Likifinyika, bado. Likinyumbuka kabla ya kukatika, imekaribia. Likivunjika kwa mlio, epua saa hiyo hiyo. Kwa mwenye kipimajoto ni kama nyuzi 150 za Selsiasi. Shira ikigeuka rangi ya kahawia umechelewa, na uchungu ule hauondoki kwa dawa yoyote.

Mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kingo hupoa kwanza, basi zikunje kuelekea katikati kila mara, la sivyo utavuta shira yenye vipande vigumu ndani. Iliki iliyosagwa au vanila hutiwa hapa. Ikipikwa tangu mwanzo harufu yote hupanda na mvuke. Ikishakuwa ya kushikika, paka mikono mafuta, itundike kwenye msumari mnene uliooshwa, vuta kiasi cha urefu wa mkono, kunja, vuta tena. Kila mkunjo huingiza hewa, na ni hewa hiyo inayoigeuza kutoka manjano kuwa nyeupe yenye kung’aa kama hariri, ikavunjika kirahisi mdomoni. Pipi ya kumiminwa kwenye kibao na kuachwa igande, hata ikiuzwa kwa jina hilo, si gubiti.

Dakika 10 hadi 15 za kuvuta zinatosha. Ikianza kukataa mkono, acha na ukate upesi kwa mkasi uliopakwa mafuta. Ukiilazimisha hufifia mng’ao na kuchanika. Watoto wadogo wasikaribie kabisa wakati wa kazi hii, kwani shira ya moto hung’ang’ania ngozi na kuendelea kuunguza.

Adui mkubwa wa gubiti ni unyevu wa pwani. Wakati wa masika itaanza kulowa kabla hujamaliza kuikata. Msimu wake ni kipupwe, hewa ikiwa kavu kidogo. Fungia kila kipande karatasi yake, panga kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, na usifungue fungue.

Ombi letu ni kwa walimu wa sayansi kimu: kipupwe kijacho fundisheni gubiti darasani. Vifaa vyote vimo katika jiko la shule, na somo zima huisha kabla ya saa mbili kupita.

Wasomaji wenu,
Unguja