Desemba hii, waandikeni na akina mama wa ukoo

Mhariri,

Kila Ijumaa na Jumamosi, kuanzia Ahero hadi Bondo na kupanda mpaka Vihiga, waombolezaji hugawiwa kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada na mti wa ukoo ndani. Tumevisoma vingi. Wanaume hupangwa hadi kizazi cha sita au cha saba bila pengo. Wanawake huitwa "mkewe", au "mama wa watoto wanane", au hawapo kabisa. Sisi akina mama wa Kisumu tunaokusanya nasaba tumeona tukuandikie mapema, kabla mabasi ya Nairobi na Mombasa hayajaanza kuwashusha watu nyumbani kwa Krismasi. Siku hizo chache wazee wa ukoo huwa pamoja, na kazi hii ina namna yake ya kufanywa.

Si suala la heshima peke yake. Mwanamke akiachwa nje, mti wenyewe haushiki. Kwa Waluo na Waluhya mtu haoi katika ukoo wa mama yake, na Wabukusu huulizia pia koo za nyanya wote wawili. Kijana aliyepewa orodha ya wanaume tu atamjuaje nduguye? Tena katika boma la wake wengi, milango ya ukoo hugawanyika kwa mama. Watoto wa mikayi, mke wa kwanza, wana mlango wao, wa nyachira, mke wa pili, wana wao, na wa reru, mke wa tatu, vivyo hivyo. Anayetaka kuwaonyesha watoto jambo hili awapeleke Makumbusho ya Kisumu, kwenye boma la Ber-gi-dala, waone kila mke na nyumba yake na mahali pake uani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, nayo huhesabu nyumba: kifungu cha 40 chasema mali ya mume wa wake wengi aliyefariki bila wosia igawanywe kwanza baina ya nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai aongezwe kwenye hesabu ya nyumba yake. Binti huhesabiwa kama kijana wa kiume. Chifu anapoandika barua ya kuwatambulisha warithi huandika majina aliyopewa na familia, na jina lililosahaulika kwenye mti wa ukoo ndilo husahaulika na kwenye barua.

Karatasi za serikali hazitawafikisha mbali. Kipande, kile kitambulisho cha enzi ya mkoloni, kilivishwa wanaume shingoni, na wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa vitambulisho mwaka 1978. Nyanya aliyefariki kabla ya hapo huenda hana hata karatasi moja ya serikali yenye jina lake. Kodi ya nyumba iliyotozwa na mkoloni ilihesabu nyumba ya kila mke, lakini mlipaji aliyejulikana ni mume. Huko Marekani kuna chama cha akina mama, Daughters of the American Revolution, kilichoanzishwa mwaka 1890, na anayeomba kujiunga hutakiwa kuthibitisha kwa hati kila kiungo kutoka kwake hadi kwa mhenga aliyesaidia vita vyao vya uhuru. Hati za namna hiyo hatuna, lakini kanuni ya kuthibitisha kiungo kimoja kimoja yafaa kuazimwa.

Kwa hiyo anzeni na walio hai, mrudi nyuma. Wengi huanza na mwanzilishi wa ukoo wakishuka, na hapo ndipo huharibika, kwa sababu juu kule kuna hadithi za mashujaa na majina mawili ya watu tofauti yaliyogeuka kuwa mtu mmoja. Nunueni kaunta buku moja yenye jalada gumu, penseli, na muwe na simu ya kurekodi sauti. Kila mwanamke apewe ukurasa wake mwenyewe, asibanwe kwenye ukurasa wa mumewe. Ukurasa huo ubebe jina la kuzaliwa, la ubatizo na la sifa; baba yake na mama yake; ukoo na kijiji alikozaliwa; nyumba aliyoolewa na nafasi yake kati ya wake wenza; watoto wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na waliokufa wachanga; na mahali alipozikwa. Kando ya kila jibu wekeni H kama limetoka kwenye hati, au M kama limetoka mdomoni, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Wazee wawili wakipingana, andikeni maneno ya wote wawili. Msifute la mmoja eti mwingine ni mkubwa kwa umri.

Mtego mkubwa kuliko yote katika koo za Kiluo ni jina la "nyar", yaani binti wa mahali fulani. Mke huitwa kwa alikotoka: Nyar Alego, Nyar Gem, Nyar Ugenya. Alego ni kubwa, na boma moja laweza kuwa limeoa huko mara tatu ndani ya vizazi viwili. Mjukuu anayeandika "Nyar Alego" na kuishia hapo huwachanganya mama mkwe na mke wa mwanawe, kisha watoto kumi na mmoja wanajikuta chini ya mama mmoja. Ulizeni zaidi: Alego ya ukoo gani, baba yake aliitwa nani, nyumba yake ilikuwa upande gani wa lango. Kama hakuna anayejua, kaka zake huko alikozaliwa wanajua, au wana wao. Safari ya boda ya nusu siku kwenda kwa wajomba humaliza ubishi wa miaka.

Majina ya watoto nayo ni ushahidi, ila husomwa ovyo. Chukueni orodha kama hii, ambayo mwandishi angeridhika nayo: Atieno, Ochieng, Akello, Okoth. Atieno alizaliwa usiku, Ochieng jua likiwaka, Okoth mvua ikinyesha. Akello, lakini, ni jina la mtoto anayefuata mapacha, na mapacha hawamo. Walizaliwa baada ya Ochieng, wakafa, na hakuna aliyewataja kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Rudini kwa mzee mkaulize taratibu kuhusu Apiyo na Adongo, au Opiyo na Odongo. Mara nyingi atanyamaza kwanza. Msimharakishe, wala msisogeze simu karibu na mdomo wake wakati huo. Lakini msiandike mapacha kwa kukisia pia, maana Akello mwingine amerithi tu jina la nyanya yake, na hilo nalo lapaswa kuulizwa.

Miaka ya kuzaliwa ipimeni kwa matukio. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho cha mtu mzee mara nyingi ilikadiriwa na karani. Ulizeni: nzige wa 1931 walipokuja, alikuwa anabebwa mgongoni au anachunga mbuzi? Ziwa lilipofurika kwa mvua za 1961 na kuendelea, alikuwa ameolewa? Tom Mboya alipouawa Julai 1969, alikuwa na mtoto yupi kifuani? Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978? Kwa Wabukusu kuna saa nyingine nzuri zaidi: tohara ya Agosti ya miaka ya shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili, na rika za wanaume kama Maina, Chuma na Sawa. Wanawake hawamo kwenye rika hizo, lakini muulize mama kaka yake anayemfuata alitahiriwa na rika lipi na mwaka gani, nanyi mtampata naye.

Nani aulizwe kwanza? Wengi hukimbilia mzee wa kiume mwenye kiti. Kwa maoni yetu mwanzo bora ni shangazi aliyeolewa mbali. Alijifunza ukoo wake akiwa msichana, akaondoka nao, na hajashiriki ugomvi wa mpaka wa shamba uliowafanya wengine wabadilishe hadithi. Mkalisheni peke yake asubuhi, kabla ya jua kali, kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Akichoka huanza kukubali kila jina mnalomtajia. Msimuulize "Je, mama yake alikuwa Nyar Seme?" Muulizeni "Mama yake alitoka wapi?" Siku nyingine mkalisheni pamoja na mke mwenza aliye hai au wifi yake, nao wasahihishane. Kilo mbili za sukari na majani ya chai zinatosha. Pesa huleta majina ambayo hayakuwapo.

Kanisani ndiko kwenye hazina, na wachache wanajua kuichimba. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Kikatoliki huwa na namba, tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi. Vya zamani viliandikwa kwa Kilatini, kwa hiyo jueni kwamba "filia" ni binti, "uxor" ni mke na "vidua" ni mjane. Mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliandika majina yetu walivyoyasikia, basi tafuteni Achieng pia chini ya Acieng na Aching. Lakini jicho liende zaidi pembeni mwa ukurasa. Mkatoliki akifunga ndoa, habari hurudishwa kwenye parokia aliyobatizwa na kuandikwa ubavuni mwa jina lake: tarehe, kanisa, na jina la mume. Msichana aliyebatizwa kijijini na kupotea kwenye kumbukumbu za kwao kwa kuolewa upande wa pili wa ghuba yumo humo pembeni, kwa mstari mmoja mdogo. Ombeni ruhusa kwa paroko kwa barua, mfike na mwaka mnaoukadiria ili karani asifungue vitabu kumi, mnawe mikono na kuikausha, na msipige picha bila kuruhusiwa.

Madhehebu mengine yana taratibu zao. Friends, yaani Wakweka, walioanza Kaimosi mwaka 1902, hawabatizi kwa maji, hivyo atafutaye kitabu cha ubatizo huko atarudi mikono mitupu. Ulizeni orodha za washirika na kumbukumbu za mikutano. Waadventista, waliofika Gendia 1906, hubatiza mtu aliyekwisha kujielewa, kwa hiyo tarehe yao ya ubatizo msiifanye kuwa ya kuzaliwa.

Picha na vyeti vya nyumbani huharibiwa zaidi na wanaovipenda. Wa kwanza ni yule anayekimbiza cheti cha ndoa cha nyanya yake saiba kukilamineti: joto hulishikanisha plastiki na karatasi, na hakuna wa kuvitenganisha tena. Wa pili ni wa selotepu, ambayo baada ya miaka michache hugeuka kahawia na kula wino. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu msiibandue, mtabaki na nusu ya uso. Ipigeni picha ikiwa ndani ya kioo, mlangoni kwenye kivuli chenye mwanga, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Mwenye skana aiweke nukta 600 kwa inchi kwa picha ndogo, 300 kwa vyeti. Majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, ukingoni, kuanzia kushoto, kwa sababu kalamu ya wino hupenya upande wa mbele. Kisha picha ziingie bahasha za karatasi, bahasha ziingie sanduku la bati, na sanduku likae juu ya matofali mbali na ukuta. Mchwa wa huku hupandia ukutani na sakafuni.

Makaburi ya simiti yasuguliwe kwa maji na brashi laini tu. Brashi ya waya na asidi ya choo huondoa herufi pamoja na ukungu. Maandishi yaliyofifia husomeka jioni jua likiwa chini, au kwa tochi inayomulika kutoka ubavuni. Kumbukeni kwamba binti aliyefariki akiwa mtu mzima bila kuolewa, kwa desturi ya Kiluo alizikwa nje ya ua wa boma. Kaburi lake halitaonekana mkitazama uani pekee. Mwombeni mzee awatembeze nje ya ua, na kwenye gunda, yaani mahame ya maboma ya zamani, huku simu ikiandika mahali.

Liko jambo la siri. Mtoto aliyekuja na mama yake, au aliyezaliwa baada ya mama yake mjane kurithiwa na ndugu wa mume, huhesabiwa na desturi upande fulani, na kila mtu bomani anajua. Mwandikeni pale ukoo ulipomweka. Maelezo mengine yakae kwenye ukurasa uliofungwa kwa bahasha, na mama mwenyewe, kama yu hai, ndiye wa kusema kama yaandikwe. Namba za vitambulisho na tarehe za kuzaliwa za walio hai zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za namna hiyo, na nakala iliyosambazwa hairudishwi.

Mkimaliza, toeni nakala tatu za daftari. Moja ibaki bomani, moja iende kwa mtoto aliye mjini, na moja apewe shangazi mliyeanza naye, asomewe ukurasa kwa ukurasa huku penseli ikiwa mkononi. Makosa mengi hutajwa siku hiyo.

Akina mama wa kikundi cha nasaba,
Kisumu