Mbolea ya majani ya mifugo: tusubiri masika

Assalaam aleykum wanachama. Nyasi zetu za malisho aina ya brakiaria huku Ganda zinageuka manjano kuanzia majani ya chini. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, lakini tafadhalini msikimbilie mbolea ya yurea sasa. Ikimwagwa juu ya mchanga huu na jua hili, sehemu yake hupotea hewani kama gesi ya amonia. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na bei mwaijua. Ngojeni mvua ilowanishe ardhi, kisha mtie kidogo kidogo kila mkishakata majani, maana mvua kubwa nayo huizamisha chini ya mizizi. Wanaopanda upya watie mbolea ya kupandia ya DAP mferejini, waifunike udongo isiguse mbegu. Samadi iliyooza tieni kwa wingi. Mwenye samadi ya ziada aandike hapa leo.