Shoga, nitafutie doti moja

Shoga yangu wa ubani,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Tanga mvua haina adabu, Bi Mkubwa na goti lake lile lile. Najua umenuna kwa kimya changu. Nuna baadaye, kwanza nisikilize.

Baba Zuhura kaniita laazizi.

Si kwa mdomo, ningeanguka. Kwenye simu. Tangu yule mtoto amnunulie simu ya kupangusa, mwanamume aliyeniita Mama Zuhura tangu Zuhura hajatimiza arubaini, sasa ananiandikia: "Habari za mchana laazizi wangu. Mkaa umekwisha?" Juzi nikawa barafu wa moyo, hapo hapo anauliza kandambili zake ziko wapi. Nilidhani ujumbe umepotea njia, nikaanza kuwaza mengi. Lakini mwanamke gani mwingine aulizwe habari za kandambili zile?

Jioni akirudi, bubu. Anakula, anasema "chai", basi. Nami namkodolea macho nikimtafuta huyo aliyeandika. Wewe unamjua: mapenzi yake yalikuwa asumini ndani ya jani la mgomba, anaiweka juu ya friji na kupita kama si yeye. Hayo nimeyazoea. Haya ya taarabu mchana kweupe yananitia haya, na yasipokuja mpaka saa nane, nachungulia simu. Usicheke.

Sasa nimjibu nini? Zuhura ati nitume kopa jekundu. Sitaki. Nataka kanga inisemee. Pita Biashara Street hapo Mombasa unitafutie doti moja, pindo jekundu, ila si kisutu, sisi si maharusi. Soma jina kwanza, yale maneno yake, usighilibiwe na mji mzuri wa katikati. "Nani kama mama" ninazo, zote za wanangu. "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika" ingefaa, lakini kwa kifua chake kile atadhani nazisema sigara. Vijembe pia sitaki. Jirani hapa hupita mlangoni pangu na "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", sijui ananiambia mimi au mumewe. Madukani huku nimezunguka, naona dua na ugomvi tu. Marehemu bibi alikuwa na moja yenye jina la herufi za Kiarabu, akiivaa babu akirudi safari tu, na sisi hakutusomea hata siku moja. Ningeipata kama ile!

Ukiipata mpe kijana wetu wa basi, yule anayevuka mpaka pale Horohoro. Pesa nitampa yeye.

Doti sasa ni shilingi ngapi huko? Na wako anakuitaje siku hizi, bado "we"? Akikuita vizuri unaitikaje, unacheka au unajikausha? Wifi yako kaposwa? Na ile posa ya kwanza iliishia wapi, maana niliyoyasikia... tuyaache, utanieleza.

Nijibu kwa barua. Simu yangu siku hizi inasomwa na nyumba nzima.

Pindo jekundu, shoga. Likikosekana, hata jeusi. Hapana, jekundu.

Wako,
Mama Zuhura