Kamba Wanne, Watu Watano

Ndugu yangu wa hiari,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Najua nimekaa kimya tangu uliponiandikia habari za kuhama nyumba, na hilo nitalijibu, lakini leo kuna jambo limenikaa rohoni na naona ni wewe tu wa kunisaidia.

Pacha hatakuja kwenye chakula cha kukupokea. Ametuma ujumbe wa mstari mmoja: ana kazi nyingi. Wewe unamjua. Tangu lini kazi ikamzuia kukuona wewe? Sababu naijua, maana mara ya mwisho nilikaa ubavuni mwake.

Tulikwenda kwenye mkahawa wa hii mitindo ya visahani, kila kitu cha kugawana. Sahani zinatoka kadiri zinavyoiva jikoni, wala si kwa mpangilio wako. Mhudumu alisema tuagize mbili tatu kwa kila mtu. Profesa akashika menyu, akatuagizia sote, na alichagua vizuri, sitamnyima haki yake. Basi vikaanza kuja. Kamba wanne, sisi watano. Halafu jibini, halafu biringani. Pacha anakula taratibu, tena hungoja kukaribishwa, ndivyo alivyolelewa. Akija kunyoosha mkono, sahani imebaki mchuzi. Nilimwona amemega ukoko wa mkate, anafuta nao mafuta ya wale kamba kwenye ukingo wa sahani, polepole, kama mtu aliyekwisha kushiba. Usiku mzima alikula viazi viwili, kipande cha biringani na ule mkate. Bili ilipoletwa, Profesa akatoa simu akagawanya kwa tano, na chupa mbili za divai humo humo. Pacha hanywi. Akalipa, hakusema neno. Tulipotoka nje akanishika mkono: "Ngoja nikapike chochote nyumbani."

Nami nilikuwa nimeona yote nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma.

Usidhani nauchukia ulaji huu. Naupenda sana. Kuonja vitu kumi kwa jioni moja ni raha, na watu wakipitishiana sahani mazungumzo hunoga. Profesa mwenyewe ndiye aliyetusimulia usiku ule kwamba Uhispania tapas ni kitafunio cha kusindikizia kinywaji. Watu wanasimama kaunta, wanaonja, wanahamia baa nyingine, kwa sababu chakula chenyewe cha usiku kitaliwa saa tatu au saa nne. Mjini Granada huko huko, mpaka leo ukiagiza kinywaji, baa nyingi hukuletea kisahani bure. Na katika mji wao mwingine, San Sebastián, vitafunio vingi huchomwa kijiti. Unakula, vijiti vinabaki kwenye sahani yako, na ziko baa ambako mhudumu huvihesabu ndipo akutajie deni lako. Tangu siku hiyo nakiwaza hicho kijiti. Vya Pacha vingekuwa vitatu tu, hata mtoto angeviona.

Sisi tumechukua kitafunio tukakigeuza mlo, kisha tukamwachia kila mtu apiganie tonge lake. Meza ya meze ya Walebanoni nayo ni visahani tu, lakini mkate unajaa mezani na mwenyeji anakusukumia sahani kabla hujaomba. Kwetu sahani haikumfikia mtu aliyekaa pembeni. Angalau tungekuwa na... basi, nitaanza upya kukasirika.

Ninachokuomba ni hiki. Mpigie Pacha wewe mwenyewe, mwambie unataka akae karibu nawe. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Profesa niachie mimi. Nitamwomba tuagize kwa hesabu ya watu, maana mhudumu akiulizwa mapema mara nyingi jikoni huongeza kipande cha tano. Sahani ianzie kwa Pacha. Na vinywaji kila mtu alipie chake. Profesa si mchoyo, sijawahi kumwona akimnyima mtu. Ni kwamba akisimulia mkono wake unatembea wenyewe. Ila namwogopa kidogo kwa neno "tano", alilitamka kwa furaha kama mtu aliyetenda haki.

Sasa niambie, unafika siku gani hasa? Ufuta bado unakuvimbisha midomo? Nauliza kwa sababu hummus, lile rojo la dengu, ina ufuta, na kijiko kimoja kikizunguka sahani zote hatutajua kimegusa nini. Nizungumze na Profesa faragha, au nimwambie mezani sote tukiwepo? Unaonaje nikimrudishia Pacha sehemu ya pesa yake, atachukia? Nyumba mpya ina jiko la kutosha? Nawe, ile jioni tuliyokuaga, ulikuwa mwisho wa meza karibu na mlango. Sikuwahi kukuuliza: ulishiba?

Ni mimi wako,
wa siku zote