Kipande cha babu

Muheza, 14 Juni

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila mama magoti yanamsumbua tangu masika yaanze.

Uliniuliza kwa nini wazee wetu waliacha mashamba yao Songea wakaja Tanga kukata mkonge wa watu. Wewe ulidhani walifuata mshahara. Hapana, mwenzangu. Babu alikuwa na mahindi na mbuzi wake. Hela ya Mzungu hakuwa na kazi nayo. Na hicho ndicho kilichowasumbua wenye mitaji.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ardhi walishajitwalia, fedha za Ulaya zikaja, reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga. Mikono ndiyo iliyokosekana. Basi mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba: rupia 3. Rupia hazioti shambani! Ukikosa, unapelekwa kufanya kazi kwa nguvu. Mwingereza alipoichukua nchi, rupia zikawa shilingi, kodi ikabaki palepale. Hiyo ndiyo iliyomtoa babu kwao.

Wakawaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku hiyo haiandikwi, na mshahara huuoni mpaka zote 30 zitimie, hata zikikuchukua miezi miwili. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zilipanda meli kwenda Ulaya na Marekani, zikawa kamba za kufungia miganda ya ngano. Ninapowasikia watu wakisema utajiri wa kule umetokana na akili na mashine tu, naumia kweli. Mashine zao zilifunga ngano kwa kamba iliyokatwa na babu, na yeye alizeeka bila nauli ya kurudi kwao.

Juzi mama alinifungulia kopo lake la bati. Kipande cha mwisho cha babu kimo: siku 23 zimetiwa alama, saba ziko wazi. Jina lake limekosewa, namba imeandikwa sawasawa. Waulize wazee wako kama cha babu yako kipo, unipigie picha.

Wako akupendaye,
Mwenzio wa Muheza