Msiyatupe mabehewa ya bei nafuu

Mhariri,

Wanaoanza kuunda treni za modeli huyatupa mabehewa ya abiria ya bei nafuu ya kipimo cha HO (1:87, yaani madogo mara 87 kuliko ya kweli) eti rangi yake ni mbaya. Haraka ya nini? Toeni vioo, lowekeni bodi kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 91, mbali na moto, hadi rangi ilegee, kisha sugueni kwa mswaki mkuukuu. Asetoni msiiguse, huyeyusha plastiki.

Mstari wa madirishani ndio huwashinda wengi, kwa kuwa rangi hupenya chini ya tepu inayobandikwa kukinga sehemu isiyopakwa. Kandokando ya tepu pitisheni kwanza rangi ileile ya chini, iacheni ikauke izibe upenyo, ndipo mpulize ya juu, nyembamba, mara mbili au tatu.

Uzito nao! Kanuni ya NMRA, chama cha wapenzi wa treni za modeli cha Marekani, ni gramu 28, ukiongeza 14 kwa kila inchi ya urefu: behewa la inchi 10 lifike takriban gramu 170. Likiwa jepesi huacha reli kwenye kona. Vyuma vya uzito vibandikwe sakafuni, kamwe si darini. Magurudumu ya plastiki, ambayo hukusanya uchafu, yabadilishwe kwa ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10.5.

Mpenzi wa treni za modeli